Mchujo wa Lugha: Kugombea Kiti cha Uwakilishi Mautuma, 1957–2022

Mautuma ni wadi mojawapo ya eneo la ubunge la Lugari, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, upande unaopakana na Uasin Gishu. Ni nchi ya mahindi na miwa, na wakazi wake wengi ni wana na wajukuu wa watu waliohamia hapo kutoka sehemu nyingine za Uluhya. Anayetaka kuwawakilisha watu hao katika chombo cha kutunga sheria, kiwe cha Nairobi au cha Kakamega, hana budi kupita michujo miwili. Mmoja ni wa kura, na habari zake husimuliwa na kila mtu. Wa pili ni wa lugha. Makala haya yanakusudia kuufuatia huo wa pili tangu uchaguzi wa kwanza wa Waafrika wa mwaka 1957 hadi uchaguzi mkuu wa 2022, na kuonyesha kwamba kwa muda mwingi wa historia hiyo lugha iliyompatia mgombea kiti haikuwa lugha iliyomruhusu kukikalia.

Yafaa kwanza ieleweke ni kwa nini Mautuma, na wala si kijiji chochote cha Maragoli au cha Bukusu. Kabla ya uhuru eneo hili lilikuwa sehemu ya ardhi iliyotengewa walowezi wa Kizungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ilipoanza kununua mashamba ya walowezi na kuyagawa kwa Waafrika, kwa mpango uliojulikana kama mpango wa ekari milioni moja, Mautuma ikawa mojawapo ya skimu za makazi, pamoja na Lugari, Lumakanda na Chekalini. Waliopewa ardhi hawakutoka ukoo mmoja wala kabila dogo moja. Mragoli alipata jirani Mkabras. Mbukusu akapakana na Mtiriki au Mwisukha. Jina la Waluhya liliwafunika wote, lakini jina si lugha. Lulogooli lina irabu saba na Lubukusu lina tano, na tofauti za msamiati na za sarufi baina yao ni kubwa kiasi kwamba mzee wa upande mmoja aweza kumsikiliza mzee wa upande wa pili kwa adabu bila ya kumpata sawasawa.

Jitihada za kuunda Kiluhya kimoja cha kuandikwa zilifanywa katika miaka ya 1940. Kamati ya lugha ya Kiluhya iliundwa, na L. L. Appleby wa misheni ya Kianglikana akatoa sarufi yake mwaka 1947. Lakini kila misheni ilikuwa na vitabu vyake na tahajia yake. Marafiki waliofika Kaimosi mwaka 1902 walikuwa wamekwisha kukipa Lulogooli maandishi, na Wabukusu kwa upande wao hawakukubali kuandikiwa lahaja ya watu wengine. Kiluhya sanifu hakikufaulu. Kwa hiyo mlowezi mpya wa Mautuma alipotaka kusema na jirani zake wote kwa pamoja, juu ya josho la ng'ombe au juu ya mkopo wa shamba aliopaswa kuulipa, lugha iliyokuwapo ni Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha Mombasa wala cha Unguja. Kilikuwa Kiswahili cha bara, chenye upatanisho wa ngeli uliopunguka na maneno mengi ya kuazima, lakini kilitosha. Mgombea aliyesimama mbele ya umati wa namna hiyo alilazimika kukitumia, apende asipende.

Lakini chombo alichotaka kuingia kilikuwa na lugha yake.

Baraza la Kutunga Sheria la koloni lilianza mwaka 1907 na kukaa miaka 37 bila ya Mwafrika hata mmoja, mpaka Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, wajumbe wanane kwa nchi nzima. Kura haikuwa sawa kwa wote: sifa za elimu, mapato, mali, umri na utumishi zilihesabiwa, na mtu aliyejaliwa sifa nyingi aliweza kupewa mpaka kura tatu. Katika Nyanza Kaskazini Masinde Muliro alimshinda W. W. W. Awori, aliyekuwa mjumbe tangu 1952. Muliro alikuwa amesoma katika Chuo Kikuu cha Cape Town na kurejea nchini mwaka 1954. Hapana shaka kwamba ushindi wake ulikuwa na sababu nyingi za kisiasa; hata hivyo ni dhahiri kwamba mchujo wa lugha ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Shughuli zote za Baraza ziliendeshwa kwa Kiingereza, na mtu aliyekuwa na hekima ya wazee na sauti ya kuzuia ugomvi, lakini hakupita mikononi mwa walimu wa Kiingereza, hakuweza kuyafikiria hata hayo mashindano.

Katiba ya uhuru ya 1963 haikuubomoa ukuta huo bali iliuandika. Ilimtaka mgombea wa Bunge aweze kusema Kiingereza, na asipozuiwa na upofu au sababu nyingine ya mwili aweze kukisoma, kwa kiasi cha kumwezesha kushiriki vilivyo katika shughuli za Bunge. Sharti la aina hiyo liliandikwa katika katiba nyingi za nchi zilizotoka mikononi mwa Uingereza. Katika Mautuma lilikuwa na maana hii: mkulima aweza kuchagua kwa Kiswahili, aweza kuhutubiwa kwa Kiswahili na kuahidiwa kwa Kiswahili, lakini hawezi kumtuma Bungeni mkulima mwenziwe asiyejua ila Kiswahili.

Mwaka huohuo wa 1963 kulikuwa na chombo kingine ambacho siku hizi hukumbukwa na wachache. Katiba ya majimbo iliigawa nchi katika majimbo saba mbali na Nairobi, na kila jimbo likapewa baraza lake la kutunga sheria. Baraza la Jimbo la Magharibi lilikuwa na makao yake Kakamega. Katika uchaguzi wa Mei 1963 mpiga kura wa kijijini alichagua, pamoja na wajumbe wa mabunge mawili ya Nairobi, mtu wa kumwakilisha Kakamega, karibu zaidi na shamba lake. KADU, chama kilichotetea majimbo, kilishika Magharibi, Bonde la Ufa na Pwani. Umri wa mabaraza hayo ulikuwa mfupi sana. KADU ilijivunja mwezi wa Novemba 1964, jamhuri ikatangazwa tarehe 12 Disemba mwaka huohuo, na mamlaka yakarudi Nairobi.

Chombo kilikufa, lakini neno liliendelea kuishi maisha ya taabu. Jimbo katika Kiswahili ni sehemu ya nchi tu, na mtu aliweza kulitaja bila ya kumtia mwenziwe hofu. Baada ya 1964, majimbo kwa uwingi lilikuwa neno la kushtakiana katika Kenya: mwenye kulitamka alishukiwa kwamba anataka kuwafukuza wageni katika ardhi ya kwao. Shuku hiyo haikuwa maneno matupu kwa watu wa skimu za makazi. Mapigano ya 1991 na 1992 yaliupata ukanda wote wa mpaka baina ya Bonde la Ufa na Magharibi, na baada ya uchaguzi wa Disemba 2007 watu waliofukuzwa Uasin Gishu walikimbilia Lugari kwa wingi. Walipotafuta tena njia ya kugawa madaraka, watunga katiba walilikwepa neno majimbo na kushika neno ugatuzi, kutokana na kitenzi kugatua, na sehemu zenyewe zikaitwa kaunti, neno la kuazima lisilo na kumbukumbu yoyote mbaya. Mfano huu wastahili kuangaliwa na wale wanaodhani kwamba istilahi za serikali hutungwa na kamati za wataalamu peke yao. Hapa istilahi ilichaguliwa na woga.

Maneno mengine ya uchaguzi nayo yana historia zake, na mgombea huyatumia bila ya kuzihisi. Kura ni neno la Kiarabu lenye maana ya bahati nasibu. Wazee wa pwani walipiga kura kugawana urithi au kumjua atakayetangulia, wala hapakuwa na hoja ya sera wala ya chama. Kugombea latokana na kugomba: mgombea ni mtu anayegombana na wenzake juu ya kitu. Magazeti ya Kenya hayakutosheka na ugomvi huo, yakaleta kinyang'anyiro, ambacho asili yake ni kunyang'anya. Diwani, aliyekuwa mjumbe wa baraza la wilaya mpaka 2013, aliwahi kuwa jina la heshima la watawala wadogo wa mrima, na lilifika bara likiwa limevuliwa kilemba. Mpiga debe ametokea katika stendi za magari. Na mzaha wa Wakenya kwamba kura ni kula hauhitaji maelezo kwa aliyepata kuona magunia ya sukari ya mgombea yakishushwa usiku. Kwa wasemaji wa lugha za bara wasiotofautisha /r/ na /l/, si mzaha hata kidogo, ni neno moja.

Mchujo na mlolongo ni maneno ya siku za chama kimoja. Kuchuja ni kutenga maji na machicha, na kura za mchujo ni zile za kumteua mgombea wa chama. Katika uchaguzi wa 1988 KANU iliamua kwamba mchujo ufanywe kwa watu kupanga mstari nyuma ya mgombea au nyuma ya wakala aliyeshika picha yake, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amechaguliwa bila ya kura ya siri. Mlolongo, neno la kawaida kwa safu ya watu au ya vitu, lilipata maana mpya katika msimu mmoja, hata magazeti ya Kiingereza ya Nairobi yakaliandika lilivyo kwa kukosa neno lao. Mwaka huo Lugari ilimpeleka Bungeni Burudi Nabwera, aliyekuwa balozi wa kwanza wa Kenya nchini Marekani. Ni nadra kukuta mfano ulio wazi kuliko huu wa umbali uliokuwapo baina ya lugha mbili za mwanasiasa mmoja: ile ya Washington, na ile ya kusemea na watu waliopanga mstari kiwanjani.

Sasa turudi nyuma kwenye sharti lenyewe, maana lilikuwa limekwisha kupinduliwa mara mbili. Mwaka 1970 KANU ilipitisha mpango wa kukifanya Kiswahili lugha ya taifa kwa hatua. Tarehe 4 Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta akatangaza kwamba Bunge litatumia Kiswahili. Tangazo lilitangulia sheria. Katiba ilibidi irekebishwe haraka ili kulifuata. Kwa miaka mitano iliyofuata, na hasa katika Bunge lililochaguliwa mwezi wa Oktoba 1974, hali iligeuka juu chini. Mbunge aliyezoea kusema kwa saa nzima katika lugha ya Westminster alijikuta akitafuta neno. Wapo waliopata taabu, na wapo waliolalamika waziwazi. Lakini yafaa kuuliza ni nani aliyetaabika. Hakuwa mkulima wa Mautuma. Kwa mara ya kwanza gharama ya lugha iliwekwa mabegani mwa mwenye elimu, na mpiga kura aliyekuwa na redio aliweza kumsikia mjumbe wake akitajwa katika lugha ileile aliyomwombea kura.

Wataalamu wengi wameyahukumu mageuzi ya 1974 kuwa ya pupa, na katika utaratibu wake hukumu hiyo ni ya haki. Hapakuwa na istilahi za kutosha za sheria wala wakalimani waliofunzwa. Hata hivyo upungufu wa istilahi si hoja dhidi ya lugha. Ni hoja dhidi ya wale waliokaa miaka 11 baada ya uhuru bila ya kuzitunga. Mwaka 1975 Katiba ilirekebishwa tena: miswada, sheria na mambo ya fedha yakabaki katika Kiingereza, na yalipojadiliwa, maneno yake yalipaswa kunukuliwa kwa Kiingereza. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Mbunge alisimama kubishana kwa Kiswahili juu ya kifungu ambacho hakikuwa na Kiswahili.

Mwaka 1979 mabadiliko mengine yalikirudisha Kiingereza ukumbini kando ya Kiswahili, na sharti la mgombea likawa la lugha zote mbili: aweze kusema na kusoma Kiswahili na Kiingereza kwa kiasi cha kushiriki. Kwa nje sharti hili lilionekana kuwa la insafu, kwani liliwataka wote wajue zote. Kwa ndani halikuwa sawa. Kiswahili karibu kila mgombea wa vijijini alikuwa nacho, walau cha namna fulani. Kiingereza kilikuwa bado ni mali ya waliosoma. Mizani yenye vitani viwili, kimoja kikiwa kimejaa tangu mwanzo, hupima kitu kimoja tu. Kwa upande mwingine, lazima ikubaliwe kwamba Kiswahili nacho kilipata kitu: kuanzia 1985, kwa mfumo wa elimu wa 8-4-4, kilikuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na kizazi cha wagombea waliosimama Lugari kutoka mwisho wa miaka ya 1990 kilikuwa na Kiswahili cha darasani pamoja na kile cha sokoni.

Katiba ya 2010 iliviondoa vitani vyote viwili. Ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Ibara ya 120 inaongeza Lugha ya Ishara ya Kenya katika lugha rasmi za Bunge. Lakini katika sifa za mgombea, lugha haitajwi tena. Ibara ya 99 inamtaka mgombea wa ubunge awe mpiga kura aliyeandikishwa, atimize masharti ya elimu na ya maadili, na asipokuwa na chama aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 1,000 wa eneo lake. Kwa baraza la kaunti Ibara ya 193 inataka 500 wa wadi. Mahali pa mtihani wa lugha pakashikwa na cheti cha shule. Bunge lilijaribu kupandisha sharti hilo hadi shahada ya chuo kikuu, na Mahakama Kuu ikalitangua, kwa wagombea wa mabaraza ya kaunti mwezi wa Oktoba 2021 na kwa wabunge mwezi wa Aprili 2022.

Kufutwa kwa sharti la lugha kulipokewa na wengi kama jambo la heri, na kwa mtazamo wa mtu aliyefungiwa nje tangu 1957 ni la heri kweli. Lakini kuna upande wake wa pili ambao wataalamu wa Kiswahili hawakuupigia kelele ya kutosha. Sharti la 1979, pamoja na dhuluma yake, ndilo lililokuwa sharti la sheria la kumtaka kila mwakilishi wa Wakenya ajue Kiswahili. Lilipoondoka, lilikiondoa Kiswahili na Kiingereza pamoja kwenye karatasi, na kumbe Kiingereza hakihitaji karatasi hiyo: kinalindwa na cheti, na miswada, na ofisi za makarani. Katiba yenyewe inasema katika Ibara ya 259 kwamba pakitokea mgongano baina ya matini za lugha mbalimbali, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zilizinduliwa kwa Kiswahili mwaka 2019, miaka 45 baada ya tangazo la Kenyatta.

Tarehe 4 Machi 2013 Kakamega ilipata tena baraza lake la kutunga sheria, safari hii la kaunti. Wadi 60 zilichagua wajumbe, sita kati yao wakitoka Lugari: Mautuma, Lugari, Lumakanda, Chekalini, Chevaywa na Lwandeti. Diwani akawa mwakilishi wadi. Kiti hiki ndicho kinachofanana zaidi na kile cha 1963, na ushindani wake ni mkali kuliko ule wa ubunge kwa kuwa wagombea hujulikana mpaka kwa babu zao. Kiti cha ubunge cha Lugari kimeshikwa na watu wenye majina ya kitaifa, kama vile Cyrus Jirongo aliyechaguliwa 1997 na tena 2007, Ayub Savula aliyechaguliwa 2013 na 2017, na Nabii Nabwera aliyechaguliwa 2022. Mgombea wa wadi hana ndege wala mabango ya Nairobi. Ana mazishi, harambee, ibada ya Jumapili na siku ya soko.

Hotuba za mikutano kama hiyo zina mpango unaoweza kuelezwa kiisimu. Mgombea hufungua kwa Mulembe, salamu ambayo Waluhya karibu wote huielewa, na huenda akaongeza sentensi mbili tatu za lahaja ya wenyeji wa mahali. Hakai hapo sana. Katika mahali penye mchanganyiko, kuendelea kwa Lubukusu au kwa Lulogooli ni kuwaambia nusu ya wasikilizaji kwamba kiti si chao. Mwili wa hotuba ni Kiswahili: barabara, maji, bei ya mbolea, mahindi yaliyokaa ghalani kwa kukosa mnunuzi. Yanapofika mambo ya fedha za umma, istilahi za Kiingereza huingia zikiwa zimevaa viambishi vya Kiswahili, basari, tenda, bajeti, mradi wa CDF tangu mfuko huo ulipoundwa mwaka 2003. Mpaka wa lugha katika hotuba ndio mpaka wa mamlaka: yale ambayo mwananchi ayajua kwa macho yake husemwa kwa Kiswahili, na yale yaamuliwayo mbali naye hutajwa kwa maneno yaliyotoka huko yanakoamuliwa.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakiruhusu Kiswahili katika baraza la kaunti sawasawa na Kiingereza, na hutoa nafasi ya lugha nyingine katika kuwashirikisha wananchi. Hata hivyo makadirio ya matumizi, muswada wa fedha na mpango wa maendeleo wa miaka mitano huandikwa kwa Kiingereza. Mwakilishi aliyechaguliwa tarehe 9 Agosti 2022 kwa hotuba za Kiswahili hukabidhiwa mafungu ya karatasi hizo, apige kura juu yake, kisha arudi kuyaeleza. Akiwa na Kiingereza cha kutosha, yeye ndiye mkalimani pekee aliye baina ya bajeti na wadi yake, na hakuna matini ya Kiswahili ambayo mzee wa Mautuma aweza kuifungua ili kuona kama ametafsiri sawa. Asipokuwa nacho, humtegemea karani wa baraza au mwenzake wa chama amwambie mkono uinuliwe lini. Tafsiri ya bajeti ya kaunti moja si kazi ya miaka. Ni kazi ya majuma machache kwa watu wanaojua lugha zote mbili, na vyuo vikuu vya Kenya huwahitimisha watu hao kila mwaka.